Mwanangu ana miaka 8 bado anakojoa kitandani, na sasa anaogopa kulala

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu usilitaje. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala, nyumba ya kupanga, tuna vyumba viwili, uwanja mmoja wapangaji sita na choo kiko nje kule mwisho. Nauza maandazi na chai asubuhi, mume wangu analinda usiku kwa hiyo siku nyingi halali nyumbani.

Shida yangu ni mtoto wa kwanza, wa kiume, ana miaka 8 yuko darasa la tatu. Anakojoa kitandani tangu azaliwe hajawahi kuacha. Kuna kipindi alikaa kavu kama wiki moja nikafurahi sana nikamwambia mpaka jirani, wiki iliyofuata ikarudi palepale. Kwa wiki anakojoa siku nne tano, kuna wiki ni zote saba. Mdogo wake wa kike ana miaka 5 na alishaacha zamani, ndo maana kila mtu anasema huyu mkubwa ni uvivu tu. Nimeshamchapa Shangazi, sikufichi. Nimemnyima maji kuanzia saa kumi na mbili jioni nikashindwa maana akitoka shule anakunywa maji kama katoka jangwani, anamaliza jagi zima, halafu ile chupa ninayomwekea asubuhi inarudi imejaa vilevile.

Sasa miezi miwili iliyopita mume wangu alirudi kutoka lindoni asubuhi akakuta chumba kinanuka, akamwamsha mtoto kwa kofi, akambebesha godoro kichwani akamtoa nalo nje uwanjani na wenzie wote wako pale wanajiandaa kwenda shule. Wakamzomea kikojozi kikojozi mpaka wengine wakatoka vyumbani kuangalia. Mimi nilikuwa kwenye karai naepua maandazi, nikasimama na lile chujio mkononi mafuta yanachuruzika, sikusema kitu. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema kitu.

Tangu siku ile mtoto halali. Namlaza saa nne, saa sita nasikia anageukageuka, naenda namkuta amekaa kitako kwenye neti anaangalia ukuta. Nikimuuliza anasema hana usingizi. Mwalimu wake ameniita kaniambia mtoto anasinzia darasani mpaka anaangusha kichwa kwenye deski. Na wiki iliyopita nimeamka saa kumi alfajiri niwashe jiko, nikamkuta amelala chini kwenye simenti karibu na mlango, hana nguo, kaptula ameivua ameikunja vizuri kaiweka juu ya begi la shule, godoro kaliegemeza ukutani. Nikamwamsha namuuliza baba unafanya nini hapa, akaniambia mama hapa nikikojoa utadeki tu. Nililia mpaka maandazi ya siku ile yakaungua.

Shemeji yangu anasema tumpeleke shule ya bweni akanyooke na wenzie. Jirani kaniambia kuna mzee Mkuranga anawatibu, anataka elfu 50 na jogoo. Halafu mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Korogwe, siku anaondoka akanivuta pembeni akaniambia kwa sauti ndogo mwacheni mjukuu wangu, baba yake mwenyewe alikojoa mpaka darasa la sita, ila usimwambie kama nimekwambia. Nilishtuka sana, maana mume wangu hajawahi kunigusia hata siku moja na ndiye mkali kuliko wote.

Nifanyeje Shangazi? Na hili la mume wangu nimwambie au ninyamaze?

Mama wa Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote nimesimama palepale, kwenye ile kaptula iliyokunjwa juu ya begi la shule. Mtoto wa miaka 8 kakaa peke yake usiku kapiga hesabu ni wapi mkojo wake utamsumbua mama yake kidogo, kaona ni kwenye simenti. Huyo siyo mvivu na siyo mkaidi, nataka uliweke hilo kichwani kabla hujaendelea kusoma kwa sababu yote nitakayokwambia yanaanzia hapo. Mjukuu wangu hakojoi makusudi. Analala, mkojo unakuja yeye hayupo.

Nikueleze kinachotokea ili na wewe uweze kumweleza baba yake. Usiku ubongo unatoa homoni moja inaitwa vasopresini, kazi yake ni kuziambia figo zipunguze kutengeneza mkojo mpaka kukuche, ndo maana mtu mzima analala usiku kucha bila kwenda chooni. Kuna watoto hiyo homoni ya usiku inachelewa kukaa sawa, kwa hiyo figo zao zinafanya kazi usiku kama mchana. Sasa kibofu cha mtoto wa miaka 8 kinabeba kama mililita 270 hivi, yaani hakifiki hata chupa ya soda ya 350. Kinajaa saa saba za usiku, kinaanza kupiga hodi, na hapo linakuja la tatu, hawa watoto wengi wao hawaamki kwa hodi ya kibofu. Utamwita hasikii, utamwinua utamtembeza mpaka chooni atakojoa na kurudi, asubuhi ukimuuliza hakumbuki kitu. Hayo matatu yakikutana godoro linalowa, na hakuna fimbo inayofika kwenye figo wala kwenye homoni.

Na hayuko peke yake hata kidogo. Ukichukua watoto 100 wa miaka 5, kama 15 bado wanakojoa kitandani. Wakifika miaka 10 wanabaki kama 5. Kila mwaka unaopita kati ya wanaokojoa kama 15 kwa 100 wanaacha wenyewe bila dawa yoyote, na wavulana ni wengi kuliko wasichana, kwa hiyo kumlinganisha na mdogo wake wa kike ni kumwonea bure. Darasa lake la tatu hapo shuleni lina watoto wengine wanaoamka wamelowa na kila mmoja anadhani ni yeye tu duniani, kwa sababu kila nyumba inaficha.

Halafu hili jambo linatembea kwenye ukoo. Mzazi mmoja akiwa alikojoa utotoni, zaidi ya watoto 40 kati ya 100 watakaozaliwa naye watakojoa pia. Wakiwa wazazi wote wawili ni zaidi ya 70. Mama mkwe wako hakukuletea umbea pale pembeni, kakupa habari ambayo hata daktari atakuuliza ya kwanza kabisa. Nitairudia hiyo mwishoni maana kwangu mimi ndiyo dawa kubwa iliyoko kwenye barua yako yote.

Ila kwanza nikuonyeshe kitu ulichoandika mwenyewe. Chupa ya maji inarudi imejaa, jioni anamaliza jagi. Mwanangu, hapo ndo penye kazi! Mtoto anashinda na kiu shuleni na nina uhakika wa karibu wote kwamba ukimuuliza taratibu atakwambia hanywi kwa sababu hataki kwenda choo cha shule. Vyoo vyetu vya shule tunavijua, matundu machache watoto mamia, milango mingine haifungi, maji hakuna. Kwa hiyo anabana kuanzia asubuhi mpaka anaporudi nyumbani, halafu mwili wote unadai maji yake jioni, na maji hayo yanaishia kwenye kitanda saa saba usiku. Ukimnyima maji jioni bila kurekebisha mchana unamwongezea kiu tu na hakojoi kidogo kwa hilo. Geuza siku yake. Anywe vya kutosha asubuhi kabla hajatoka, anywe shuleni ile chupa, anywe akirudi mchana, ukifika magharibi awe hana kiu tena, ndipo usiku apate kidogo tu cha kushushia chakula. Ongea na huyo huyo mwalimu aliyekuita, mwambie ukweli mkiwa wawili, mwombe amruhusu kutoka akiomba na kama kuna choo cha walimu amsaidie. Mwalimu aliyeona mtoto anasinzia akamwita mzazi badala ya kumchapa ni mwalimu wa kuongea naye.

Na chai. Unauza chai na maandazi, najua yanayobaki ndiyo yanamalizikia kwenye chakula cha usiku, sikulaumu, ndivyo nyumba nyingi zinavyoishi. Lakini chai ya rangi ina kafeini, inasukuma mkojo na inafukuza usingizi, kwa hiyo mtoto huyu asinywe chai wala kola kuanzia saa kumi jioni. Kula nako mvute mapema, badala ya saa tatu iwe saa moja au moja na nusu, ili kuanzia hapo mpaka kulala pawe na nafasi ya kukojoa mara mbili, mara moja akimaliza kula na mara nyingine wakati anapanda kitandani.

Kitu hukukiandika na ningependa ukichunguze, je, haja kubwa anapata kila siku? Mtoto anayebana choo cha shule anabana vyote viwili. Choo kigumu kikijaa kwenye utumbo kinakikandamiza kibofu kwa nyuma, kibofu kinakosa nafasi kinajaa haraka, na wako watoto wameacha kukojoa kitandani baada tu ya tumbo lao kufunguka. Kama anakaa siku mbili tatu hajaenda, au anakaa muda mrefu chooni anajikamua, anza na hilo. Papai, embe likiwa msimu, mchicha, matembele, maharage, ugali wa dona badala ya sembe, na yale maji ya mchana niliyokwambia. Ukiona wiki mbili hakuna mabadiliko mpeleke apewe dawa ya kulainisha, ni kitu cha kawaida kabisa.

Tuje kwenye usiku wenyewe. Choo kiko nje kule mwisho wa uwanja, giza, wewe umelala, baba yuko lindoni. Hata siku kibofu kikimwamsha, mtoto wa miaka 8 hatafungua mlango peke yake saa nane za usiku apite milango ya wapangaji sita, atajikunja asubiri, na akisubiri usingizi unamrudia. Mwekee ndoo ndogo yenye mfuniko humo humo chumbani na taa ndogo au tochi pembeni ya mto. Mwonyeshe mchana, afanye zoezi la kushuka kitandani, kutoka kwenye neti, kufika kwenye ndoo. Neti nayo angalia umeichomekaje, nimewahi kulea mtoto wa dada yangu mwenye shida hii hii na siku moja nilimkuta analia ndani ya neti, ameamka vizuri tu, ila hajui pa kutokea.

Kuhusu kumwamsha usiku watu wanauliza sana. Ukimwamsha saa tano kabla hujalala, godoro linaweza kupona usiku huo, hakuna ubaya, lakini usitegemee kwamba hiyo itamfundisha kuacha. Kama unamwamsha basi mwamshe kweli, afungue macho aseme jina lake atembee kwa miguu yake, siyo unambeba amelala anakojoa usingizini maana hapo ndo unamzoesha kitu kile kile.

Godoro usiliwaze tena. Ule mpira ulionunua kwa ajili ya kujifungua, kama bado upo uoshe utafaa, kama haupo nunua mwingine au nailoni nzito ya mezani inauzwa kwa mita. Tandika hivi, mpira juu ya godoro, juu yake khanga kuukuu iliyokunjwa mara mbili, juu shuka. Halafu juu ya hiyo shuka tandika tena mpira, khanga, shuka. Akilowesha saa nane unang'oa tabaka la juu unalitupa kwenye beseni na chini kuna kitanda kikavu tayari, anabadili kaptula anarudi kulala dakika tano zimeisha, hakuna taa kubwa, hakuna maswali. Asubuhi aoge kabla hajavaa sare ili asinuke shuleni, na mapajani mpake mafuta ya mgando maana mkojo unachubua. Shuka anaweza kukusaidia kupeleka kwenye beseni kama anavyosaidia kuosha vyombo, kazi ya nyumbani tu, isije ikawa adhabu. Harufu kwenye godoro inapungua ukifuta na maji yenye siki kidogo halafu jua. Na kama lazima litoke juani litoe wewe, baada ya watoto wote kuondoka kwenda shule.

Sasa huko kukesha. Hapo mwanangu tumeshatoka kwenye mkojo, hiyo ni hofu. Mtoto amegundua kwamba akilala ndipo anaposalitiwa na mwili wake, basi ameamua asilale, na kwa akili ya miaka 8 hiyo ni akili nzuri kabisa. Mtoto wa umri wake anahitaji kulala masaa 9 mpaka 12 kwa usiku mmoja, yeye anapata nusu, ndo maana kichwa kinaanguka kwenye deski. Na kinachouma zaidi ni kwamba mtoto aliyechoka hivyo akija kuzama usingizini anazama chini sana, hapo ndo kibofu hakisikiki kabisa. Yaani ile aibu ya uwanjani imeongeza mkojo badala ya kupunguza.

Kwa hiyo maneno ya kulalia yabadilike leo leo. Usimwambie ole wako, usimwambie leo usikojoe mwanangu, hata kwa upole, maana ukimwambia hivyo unampa mtihani ambao ataufanya akiwa amelala. Mwambie hivi, ukilowa tutabadilisha shuka, hakuna atakayekugombeza. Mlaze saa tatu badala ya saa nne, tivii izimwe saa moja kabla, na ukae naye pale kitandani dakika kumi. Mpigie hadithi, paukwa pakawa, au mwache akueleze ya shuleni kwake, mkimaliza kuomba Mungu umkune mgongo mpaka apumue taratibu. Najua unaamka saa kumi kuwasha jiko na umechoka, lakini hizo dakika kumi zitakurudishia usiku mzima. Mdogo wake akimcheka umkanye, na hilo neno kikojozi lisitamkwe tena ndani ya nyumba yako na mtu yeyote, iwe shemeji iwe jirani.

Ukitaka kumpa zawadi mpe kwa anachokiweza. Amemaliza chupa ya shule, amekojoa kabla ya kulala, amekwambia mapema kwamba amelowa, hapo mpongeze na hata andazi la moto la kwanza alipate yeye. Usiku mkavu usiutolee zawadi, maana asiyeupata ataona amekosa kwa kosa ambalo halikuwa lake. Mnaweza kuweka alama kwenye kalenda za siku kavu na siku za mvua, itakusaidia hata ukienda kwa daktari.

Na kwa daktari nenda, hata kama unaona yote haya yanaeleweka. Kituo cha afya chochote wanapima mkojo na sukari kwa kuchoma kidole, siyo gharama kubwa. Hiyo kiu ya jioni mimi naamini ni ya kutokunywa shuleni, lakini mtoto mwenye kiu kali mchana na usiku, anakojoa sana na anakonda, huyo apelekwe siku hiyo hiyo apimwe kisukari, haisubiri kesho. Akilia wakati wa kukojoa, mkojo una damu, ana homa, au mchana nako anajidondoshea, pia aonwe. Damu kwenye mkojo kwa watoto wanaooga kwenye madimbwi na mabwawa mara nyingi ni kichocho. Anayekoroma kila usiku na kuhema kwa mdomo aangaliwe nyama za puani. Na kama hajawahi kupimwa siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, apimwe. Tanzania inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa nayo kila mwaka, na figo za watoto hawa haziwezi kupunguza maji kwenye mkojo usiku kwa hiyo wengi wao wanakojoa kitandani wanachapwa na kumbe ni wagonjwa.

Nitasema na hili ingawa siyo la mwanao, maana kuna wazazi wengine wanasoma. Mtoto aliyekwisha kaa kavu miezi 6 au zaidi halafu ghafla akaanza upya, jiulize kimetokea nini. Inaweza kuwa mdogo kazaliwa, wazazi wametengana, msiba. Inaweza pia kuwa kuna mtu anamfanyia ubaya. Akianza kumkwepa mtu fulani au kugoma kwenda mahali fulani msikilize, na namba ya 116 ni ya bure, ni ya msaada kwa watoto, piga.

Tiba zipo mwanangu. Kuna kifaa cha alamu kinachowekwa kwenye chupi, tone la kwanza tu kinalia na mtoto anaamshwa hapo hapo, kidogo kidogo ubongo unajifunza. Kimekuwa kikitumika tangu mwaka 1938, kinachukua miezi miwili mitatu ya uvumilivu na kati ya watoto watatu kinawafaa kama wawili. Alamu ya simu siyo kitu hicho hicho, hiyo inalia kwa saa, haijui kibofu. Kuna vidonge pia, desmopresini, vinafanya kazi ya ile homoni ya usiku. Vinaandikwa na daktari na mtoto hatakiwi kunywa maji mengi usiku aliovimeza, ni hatari, kwa hiyo usije ukaenda duka la dawa ukanunua kwa kuambiwa na mtu. Kwa umri wa mwanao anza na maji, choo na usingizi, mpe miezi miwili mitatu, ndo mzungumze na daktari habari za alamu au vidonge.

Mzee wa Mkuranga, hapana. Hiyo elfu 50 inatosha mpira, kipimo cha mkojo na sukari na chenji inabaki. Tumekua tukiambiwa ukichezea moto usiku utakojoa kitandani, ni maneno ya kututisha tusiunguze nyumba, hakuna moto wala jogoo kwenye kibofu cha mtoto. Na bweni ndo kabisa. Mpeleke mtoto huyu akalale na wenzie 40 chumba kimoja, kila asubuhi itakuwa ule uwanja wenu. Tena mwaka 2023 serikali ilishapiga marufuku bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, mkumbushe shemeji.

Sasa mume wako. Wewe umemwona mkali, mimi nimemwona mtoto wa darasa la sita aliyebeba godoro lake. Sijui walimfanyia nini huko nyumbani kwao miaka ile lakini mtu hafichi kitu mke wake miaka yote hiyo kama hakikumuuma. Asubuhi ile kaingia chumbani kakutana na harufu anayoijua, na akafanya alichofanyiwa au alichokiogopa maisha yake yote. Simtetei, kofi lile na uwanja ule ni makosa makubwa na inabidi amwombe mtoto msamaha kwa mdomo wake. Lakini ukimvamia kwa kumwambia kumbe na wewe ulikuwa kikojozi, utakuwa umemtoa uwanjani na yeye, na atafunga mlango.

Usinyamaze, ila usianze wewe. Siri ni ya mama yake, kakuomba usiseme, kwa hiyo rudi kwake. Mwambie mama, mjukuu wako analala kwenye simenti, mweleze ile habari ya kaptula kama ulivyonieleza mimi, halafu mwombe yeye mwenyewe aongee na mwanawe. Mama anaweza kumwambia mtoto wake kitu ambacho mke hawezi. Akishasikia kwa mama yake, ndipo wewe siku hayuko zamu, watoto wamelala, umwambie unajua na hujamdharau, na kwamba kuna kitu kimoja anaweza kumpa mwanawe ambacho wewe na mimi na madaktari wote hatuna. Akae naye, wawili tu, amwambie mwanangu hata mimi nilikuwa nakojoa, mpaka darasa la sita, halafu ikaisha.

Na lile la kusimama na chujio bila kusema kitu, bado hujachelewa. Mwambie mtoto siku ile mama nilitakiwa kukutetea na sikukutetea, nisamehe. Watoto wanasamehe haraka wakiombwa.

Mama mkwe mpigie leo, kabla hajalala.

Shangazi